Mashine ya Kumlisha Taufiq

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kilo arobaini na nne na robo. Muuguzi Pascalia alimpima mara mbili, maana mara ya kwanza Taufiq alikuwa ameshika ukuta. Bila ukuta, hivyo hivyo.

Dozi ya tatu hakupewa. Daktari hata kiti hakutupa, alizungumza nasi mlangoni, faili mkononi. Kasema saratani ya utumbo inataka dawa kali, na mwili huu hauna nguvu ya kuibeba. Turudi baada ya wiki tatu, Jumatatu ya tarehe ishirini na tano. Asipofika kilo arobaini na tano, dozi itasimama na wao "wataangalia njia nyingine". Njia nyingine naijua mimi. Mama pia walimwangalizia njia nyingine, tukamzika Alhamisi.

Robo tatu ya kilo! Hapa kwetu hiyo ni nyama ya mchuzi wa siku moja. Lakini mtu huyu kila kinachoshuka kinapanda. Uji, maziwa, supu ya pweza, dawa ya kuzuia kutapika—nayo anaitapika.

Kwenye feri alitapika chai aliyokunywa asubuhi. Watu wakajitenga. Akawa anawaomba radhi mmoja mmoja, samahani bwana, samahani mama, kama aliyewakanyaga miguu. Ndugu yangu! Miaka kumi na minane amechomelea matangi ya mafuta Changamwe, kazi ya wanaume wa kweli, na leo anaomba radhi kwa kikombe cha chai. Nilimshika bega. Mfupa mtupu.

Sina tumaini kubwa. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hapana wa kumwambia hivyo.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimegundua jambo.

Pua yangu haidanganyiki. Nauza udi, ubani na mafusho hapa Likoni mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mteja akiingia dukani najua amepika nini, na kama amegombana na mumewe najua pia, kwa marashi aliyojimwagia. Basi leo nimerudi adhuhuri, nafungua mlango, nasikia harufu inatoka chooni. Bangi! Ndani ya nyumba ya marehemu baba, aliyeadhini katika msikiti wa mtaa huu mpaka sauti ikamwisha.

Nikasimama nje ya choo, mikono kiunoni, matusi yote tayari mdomoni. Taufiq akatoka, macho mekundu. Akanitazama, akasema, "Da Mwanaima, usinipigie kelele kwanza. Nipakulie."

Nikampakulia. Nilishangaa mwenyewe mikono yangu inatii. Akala bakuli zima la uji. Kisha kipande cha samaki. Kisha nusu ya ndizi! Nikakaa na beseni mapajani kungoja vitoke. Havikutoka. Saa mbili nzima nimelipakata beseni kama mwehu, havikutoka.

Rafiki yake wa zamani wa kazini ndiye aliyemletea. Mara ya nne hii, amekiri. Kila akivuta anakula.

Kisha kikaja kikohozi. Kifua chake kilishaharibiwa na moshi wa kuchomelea, na sigara juu yake. Alikohoa mpaka akashika mlango. Kitambaa kikawa na damu, si tone, bali doa la ukubwa wa kiganja. Akakikunja haraka ili nisione, na mimi nikajitia sikuona.

Kwa hivyo kinachomfanya ale ndicho kinachompasua kifua. Ya Rabbi, huu si mtihani, huu ni mzaha.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Nimemwambia Kyalo. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu si wa kwetu, hamjui shangazi yangu hata mmoja. Ni fundi wa simu, kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka langu. Mkamba wa Kitui, Kiswahili chake kina mawe kama mchele wa mkopo, lakini mikono yake ni ya dhahabu na mdomo wake una kufuli.

Hakucheka. Aliweka bisibisi chini, akaniambia, "Mathe, shida si hiyo majani. Shida ni moshi. Kuna kamashine kanapasha majani joto bila kuichoma. Unavuta mvuke tu. Ngoja nikuonyeshe."

Akanionyesha kwenye simu. Mzungu mwenye ndevu anatia majani makavu kwenye kijungu kidogo, anabonyeza, anangoja dakika, anavuta. Kinachotoka mdomoni ni chepesi, kinapotea hapo hapo. Halafu akamwaga yale majani mezani: yamekuwa kahawia, hayakuwa jivu.

Nikaelewa, tena zaidi ya Kyalo mwenyewe! Si ndio udi huo? Ukiutupia kwenye kaa lililo jekundu, unaungua, nyumba nzima inanuka sukari na kila mtu anapiga chafya. Ukilingoja kaa livae jivu, udi unatoa harufu yake taratibu, mpaka mwisho, na kifua cha mtu hakishtuki. Miaka yote nawafunza wanawake jambo hili moja na hawasikii. Kumbe kuna watu wameliundia mashine, na betri ndani yake.

Nikamwuliza bei. Akanionyesha. Nikamwambia afunge simu, mteja anakuja. Hapakuwa na mteja.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Siku tatu hizi sina kazi ila kutazama mashine. Natazama dukani, natazama jikoni, jana nilitazama nikiwa natandika mswala. Nimekuwa mjuzi wa kitu ambacho nikijulikana nacho sitaalikwa tena maulidini.

Nilivyoelewa ni hivi. Kuna nyembamba kama kalamu, rahisi mno, na ni za uongo. Ndani mna waya unaoligusa jani na kuliunguza. Huo ni msokoto uliovaa suti! Nimeziondoa zote. Kisha kuna zile ambazo kijungu chenyewe ndicho kinachopata moto, jani linaiva kwa kuta zake kama mkate wa mofa ndani ya tanuri. Hizi si mbaya. Ila inabidi ukoroge katikati, la sivyo pembeni limeshaiva na kati bado bichi, nani atakayekoroga, na Taufiq mikono inamtetemeka? Halafu kuna zinazopitisha hewa ya moto ndani ya jani. Hizo ndizo. Koo halichomeki, jani kidogo linatosha. Na bei yake ni cherehani mpya pamoja na meza yake.

Nikaona nimwulize Taufiq mwenyewe. Nilidhani atasema lolote tu, dada. Kumbe naye amefikiri, amelala pale akitazama dari akifikiri! Kifungo kiwe kimoja. Isiwe ya kuongozwa na simu, simu yake ina ufa. Isiwe ngumu kuvuta, pumzi hana. Kijungu kiwe kidogo, kwa sababu yeye anataka kidogo kabla ya chakula, hatafuti starehe. Moto uweze kupunguzwa.

"Na isiwe na mataa ya rangi rangi," akasema. "Nisije nikaonekana nacheza disko na mrija huu wa upasuaji tumboni."

Tulicheka, mpaka akashika tumbo. Sikumbuki tulicheka lini mara ya mwisho. Kabla ya Ramadhani, labda.

Mimi nimeongeza mawili. Betri iwe ya kutoa na kutia, maana stima ya huku ikikatika hairudi upesi. Na isinuke, kwa ajili ya majirani.

Kisha nikatazama uwezo wangu. Vyote tulivyovitaja havikai katika mashine moja ya pesa zangu. Ikiwa na kifungo kimoja, betri haitoki. Ikiwa na betri ya kutoka, ni ngumu kuvuta, watu wameandika wenyewe, ni kama kunywa asali kwa mrija. Ikiwa na vyote, ni ile cherehani. Leo alitapika mara tatu.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Nimevuka kwenda mjini baada ya swala, kwenye duka la shisha. Nimejifunga ushungi mpaka puani. Muuzaji ni mwanamke mwenye kucha ndefu, akanitolea kidude cha maji ya rangi, kina harufu ya embe. Embe ya uongo, ya peremende. Akaniambia ni kitu kile kile. Si kile kile! Nikamwambia nataka ya majani makavu. Akanitazama buibui juu mpaka chini, akauliza kwa sauti ya kusikika dukani kote kama ni majani ya chai. Wanaume wawili waliokuwa pale wakacheka.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ya chai."

Nikatoka. Uso ulikuwa ukiniwaka mpaka nafika kivukoni.

Kyalo amepata mbili, kwa bei moja. Mpya ya kijungu cha moto, ina karatasi ya dhamana ya mwaka. Au ile ya hewa ya moto, yenyewe hasa, kifungo kimoja, betri inatoka, nyepesi kuvuta, lakini imeshatumika. Iko kwa mtu wake Nairobi. Imekwaruzwa ubavuni na dhamana haina. Ikiharibika imeharibika.

Dhamana ya mwaka! Nilicheka peke yangu. Nani kati yetu anaulizia mwaka?

Nimechukua iliyotumika. Pesa ni zile za udi wa msimu wa harusi. Nitauza vilivyobaki rafuni, na nikiulizwa nitasema meli imechelewa.

Jumanne, 19 Agosti 2025

Imefika, kwa basi, ndani ya kisanduku cha viatu vya mtoto. Ina ukubwa wa kasha la miwani, nyeusi, haina mataa ya disko. Nilipiga magoti mbele yake kama inayoniuzia mimi udi.

Sikutaka kuanza na lile jani. Nilichuma mrehani uani, ule uliokaukia shinani, nikautia kijungu. Kitaa kikawa chekundu. Nikahesabu moyoni. Kikawa kijani. Nikavuta—mimi, Mwanaima, binti wa mwadhini! Na hapakuwa na moshi. Palikuwa na mrehani. Harufu yenyewe, nzima, kama nimeifikicha mkononi, na kifua changu kimya. Nililia. Sijui nilikuwa namlilia nani, lakini nililia vizuri.

Kisha Taufiq. Mivuto mitatu, midogo. Akakohoa mara moja, kikavu. Nikatazama kitambaa. Cheupe!

Tukakaa. Stima ilikatika, na mashine ikaendelea. Baada ya robo saa akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, "Nina njaa."

Wali wa nazi na mchuzi wa changu, sahani nzima. Akaomba na ukoko. Nikamkwangulia sufuria mpaka ikang'aa.

Wardah aliingia tukiwa hapo. Mdogo wetu, kitinda mimba, mpambaji wa maharusi huko Kisauni. Hakukawia kuiona mashine mezani. "N'ni hiki, dada?" Mumewe anasomesha madrasa, na Wardah hajapata kuwa na siri iliyolala naye usiku mmoja bila kumfikia huyo mume. Nikajibu kabla sijafikiri: chetezo cha umeme. Kipya, cha kufukizia bila makaa, kutoka Dubai, cha kuchaji.

Taufiq alinitupia jicho. Wardah kakigeuza geuza mkononi, kasema mashallah, hakina hata jivu. Nikamwuliza habari za watoto.

Alhamisi, 21 Agosti 2025

Nimempeleka kwenye mizani ya duka la dawa. Jumatatu ilikuwa arobaini na tatu na nusu. Leo arobaini na nne na nusu.

Zimebaki siku nne. Nusu kilo. Inawezekana.

Nimeliandika neno hilo na sasa nalitazama vibaya. Lakini nimeliacha.

Jumamosi, 23 Agosti 2025



Jana nilikuwa dukani tangu asubuhi, Wardah akaja kukaa na Taufiq. Niliporudi, Wardah kaondoka, Taufiq kalala, na mezani hapana kitu. Nikatafuta chini ya kitanda. Nikatafuta kwenye ndoo za nguo. Nikampigia Wardah, simu imezimwa. Usiku Taufiq hakula. Leo asubuhi alitapika maji matupu.

Adhuhuri hii Wardah akaingia, mnyonge, mkoba kifuani. Akaamkia shikamoo mara mbili. Nikajua kabla hajaufungua mkoba. Niliisikia harufu! Udi wangu mwenyewe, nilioupika kwa mikono yangu, na sukari iliyoungua.

Kulikuwa na bi harusi Kisauni. Ana pumu. Mamake kakataza kaa la moto chumbani, na bi harusi hawezi kutolewa bila kufukizwa nywele na nguo. Wardah akakumbuka kile chetezo cha dada, cha umeme, kisicho na moshi. Taufiq alikuwa amelala, akaona asimwamshe. Angekirudisha jioni ile ile. Akajaza kijungu udi mpaka juu, akakishindilia kwa kidole.

"Mara ya kwanza kilinuka vizuri, dada, wallahi, watu wakaniuliza nimekipata wapi. Kisha kikaanza kulia ti-ti-ti. Kisha kikazima."

Sukari iliyeyuka, ikashuka kwenye vitundu vya hewa, ikapoa humo. Ngumu kama kashata. Nilitia sindano, sindano ikavunjika.

Nilimpigia kelele ambayo sijampigia tangu akiwa mtoto. Nilimwambia ameua. Nilitumia neno hilo! Akawa analia, maskara yote mashavuni, na kati ya kilio akasema:

"Lakini si wewe uliniambia ni chetezo?"

Ndiyo. Ni mimi. Kitu kidogo chenye kijungu, chenye moto usiounguza, ndani ya nyumba ya muuza udi. Mwanamke yeyote wa pwani hii angekitia nini? Angetia udi. Ningetia mimi. Niliogopa maneno ya watu, nikasema uongo wa maneno matatu, na uongo ule umekwenda Kisauni ukarudi na kifo cha mashine.

"Mwache, Da Mwanaima," Taufiq akasema kutoka chumbani. "Hakujua."

Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Afadhali ingekuwa nayo.

Jumapili, 24 Agosti 2025

Kyalo hakwenda kanisani leo. Alikaa kibandani tangu saa moja, ameifungua mashine yote, vipande vimepangwa juu ya gazeti. Spiriti. Pini. Mswaki wa mtoto. Alikwangua sukari nyeusi, kidogo kidogo, na mimi nimekaa pembeni nampepea kama mjinga. Saa sita akaifunga. Kitaa chekundu! Kikapepesa mara tatu, kikazima. Akarudia. Mara tatu, kikazima.

"Imekufa, mathe," akasema. "Ile kitu inapima joto ndani imeungua. Pole sana." Hakutaka hata shilingi.

Nimerudi nyumbani nikafanya jambo ambalo sitalisema kwa mtu. Nilikaa kitandani kwa Taufiq, nikamsokotea mwenyewe. Sijui kusokota, msokoto ulikuwa umevimba kati kama nyoka aliyemeza panya. Nikamwashia kiberiti. Nilimwomba. "Kidogo tu, kwa ajili ya kesho."

Alivuta mara moja. Akakohoa mpaka nikadhani hatarudi. Damu mpaka kwenye shuka. Alipopata pumzi aliuzima mwenyewe ndani ya kikombe, akanirudishia kikombe, akanipapasa mkono. Yeye ananipapasa mimi!

Mizani ya duka la dawa: kilo arobaini na tatu. Muuzaji hakutaka hata kunitazama.

Nikasema tusiende kesho. Kwa nini tuvuke bahari kwenda kuambiwa tunalolijua? Taufiq akasema tutakwenda. Kisha akaniomba niende dukani nikakae kidogo, nimwache apumzike, uso wangu unamchosha. Sikukasirika. Nilikwenda, nikakaa mbele ya rafu tupu mpaka magharibi.

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Kilo arobaini na sita!

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha dozi. Arobaini na sita! Nilimwuliza Pascalia mara mbili. Ndiyo mama, arobaini na sita, njoo uone mwenyewe. Nikaenda nikaona. Kulikuwa na foleni ndefu nyuma yetu, watu wanagombania viti, akaandika upesi. Akacheka nami. "Mama, unamlisha nini huyu?" Nikamwambia wali. Wali wa nazi, na ukoko! Daktari katia sahihi bila kuinua kichwa. Wamemwingiza. Naomba mizani ya lile duka la dawa iwe mbovu, imekuwa mbovu siku zote, na mimi nimejitesa bure.

Nimempigia Wardah nikamwambia. Amelia tena, safari hii vizuri. Nikamwomba radhi. Nitamweleza yote, nimemwambia, nikija.

Naona nusu ya Taufiq kutoka hapa, mlango hawafungi. Amekaa kwenye kile kiti kikubwa. Pascalia amemvua koti ili apate mkono, akaja akanipa nilishike.

Dakika kumi baadaye. Sijui kama ni kumi.

Koti ni lile lake la kazi, la turubai, la Changamwe. Asubuhi alisema anasikia baridi. Kweli, kusi linavuma, nikamvalisha, hapana, alivaa mwenyewe. Alikataa nimsaidie. Njia nzima hakutaka nimshike mkono. Kwenye feri kila mtu aliketi, yeye alisimama, ameegemea chuma, jasho linamtoka. Nilidhani ni homa.

Pascalia aliponipa koti, mkono wangu ulishuka; yeye labda alidhani ni uzito wa turubai tu.

Pindo la chini lote ni gumu. Nimepapasa. Vitu vidogo, vimepangwa safu, kimoja baada ya kingine, mbele na nyuma na ndani ya mikono. Vimeshonwa kwa uzi wa mshipi, mshono mkubwa mkubwa wa mtu ambaye vidole vyake havitulii. Nimefumua kimoja kwa ukucha. Ni chubwi. Risasi zile wavuvi wa Mtongwe wanazofunga kwenye nyuzi ili zizame. Ndiyo maana jana aliniondoa nyumbani, apate kuzishona; aliyemletea labda ni yule rafiki yake wa kazini.

Kilo tatu. Mtu ambaye wiki iliyopita hakuweza kuinua birika. Amebeba kilo tatu za risasi kutoka nyumbani mpaka hapa, amesimama nazo, amezihesabu kama ni nyama yake.

Dozi inapimwa kwa kilo. Pascalia alitueleza siku ya kwanza kabisa, Taufiq alikuwa pembeni yangu, alisikia vizuri. Na chini ya arobaini na tano mwili hauna nguvu ya kuibeba, hayo ni maneno ya daktari, si yangu. Mle ndani wanachanganya dawa ya mtu wa kilo arobaini na sita. Kilo tatu za mtu huyo nimezipakata mimi hapa, ndani ya koti.

Nikisema, anashuka kwenye kile kiti, tunarudi Likoni, na hatarudi tena. Namjua. Wataangalia njia nyingine. Nisiposema—

Pascalia amepita sasa hivi na mfuko wa dawa, umefunikwa kitambaa. Kaniambia, "Saa tatu tu mama, tumalize." Nilifungua mdomo. Nikamwambia asante.

Taufiq ananitazama. Ameona mkono wangu uko ndani ya pindo. Hakugeuza uso. Ametikisa kichwa, mara moja, polepole, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo, baba akiuliza nani amevunja kikombe: usiseme.

Amefungwa mpira mkononi. Pascalia anatafuta mshipa, anaigonga gonga ngozi kwa vidole viwili. Mkono wa kushoto umekataa. Sasa anajaribu wa kulia.